Alinyoosha Kidole Mara Sita

Viatu vya kahawia vilisimama shibiri moja kutoka puani kwa Orie Kusakabe.

Akabana pumzi.

Alikuwa amelala kifudifudi chini ya lori la Isuzu, ndani ya ghala namba saba, bandarini Toyohashi. Saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Mafuta machafu yalikuwa yakimdondokea shingoni na hakuthubutu kuyafuta. Kiganjani alishika kifaa cha chuma chenye urefu wa kidole cha kati, alichokitoa kwenye boksi dakika mbili tu zilizopita. Boksi liliandikwa HOSHIKAWA, jina la kampuni ya magari. Muhuri wa ukaguzi ulikuwepo, sahihi ya mkaguzi ilikuwepo. Alipokifungua kifaa, mahali pa baruti alikuta mchanga.

Mchanga wa kujengea.

Simu ikalia juu yake. Mwenye viatu akapokea, akaongea Kijapani cha mtu aliyejifunza ukubwani.

"Mzee hafiki Jumatatu," alisema. "Hapana, hakuna kwenda nyumbani kwake. Leo, saa nne na nusu, mbele ya watoto. Gari lake mwenyewe litamuua. Mtu wetu wa ndani ameshamaliza kazi yake alfajiri."

Akasikiliza.

"Nani atauliza? Watasema mashine imekosea."

Tuambiane ukweli mapema. Orie Kusakabe alikuwa mwoga. Miaka kumi na mitatu katika idara isiyo na kibao mlangoni, amepenya maghala na meli na ofisi za watu wabaya, na kila mara magoti yaligongana. Wenzake walimtania mpaka wakachoka. Lakini kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mashujaa wawili wa idara ile walikuwa majivu tayari, na Orie ndiye aliyepeleka maua.

Viatu vikaondoka. Orie akahesabu mpaka thelathini, akajiburuta kama kenge hadi dirisha la choo, akatoka. Alipofika kwenye gari lake dogo la Daihatsu, funguo zilimponyoka mara mbili.

"Mkuu," alisema kwenye simu, gari likitoka bandarini.

"Sema." Bwana Usami hakuwa mtu wa salamu.

"Wanamuua Mwalimu Wakiya. Leo. Saa nne na nusu, kwenye maonyesho."

"Nani kasema?"

"Viatu vya kahawia. Sura sikuiona. Na kuna mtu wao ndani ya kiwanja cha majaribio."

"Maboksi?"

"Mia mbili kwa uchache. Yote mchanga."

Usami akapumua puani. Teizo Wakiya, miaka sabini na mmoja, ndiye aliyeunda kifaa kile, pistoni ya kumwokoa mtu anayegongwa na gari, kikiwa na baruti ya kweli. Ndiye mtu pekee aliyeweza kusimama mbele ya hakimu Jumatatu, akashika kifaa halali na cha bandia, na kueleza ni watu wangapi watakufa vile vya mchanga vikiuzwa kwenye gereji za nchi nzima. Bila yeye, kesi ilikuwa rundo la vyuma tu.

"Ahirisha maonyesho, Mkuu."

"Ngoja."

Akangoja kilomita nne nzima.

"Amekataa," alisema Usami.

"Amekataaje?"

"Anasema watoto mia na ishirini wameshakaa kwenye mikeka. Anasema miaka kumi na tisa hajakosa. Anasema gari amelifunga kwa mikono yake, na kwamba mimi si mhandisi."

"Mlazimishe."

"Kwa neno la viatu? Na nikimlazimisha, mtu wao wa ndani anayeyuka, halafu wanamvizia mzee kesho nyumbani kwake. Watoto wako nyuma ya ukuta wa zege, gari haliwafikii. Ni mzee tu. Tafuta hilo gari limefanywa nini. Mimi nashughulika na ghala."

"Nina muda gani?"

"Saa moja na nusu. Ukikimbiza, zaidi kidogo."

Orie hakukimbiza. Aliogopa magari kuliko bastola. Aliliendesha lile Daihatsu kando ya ziwa Hamana kwa mwendo wa kisheria, mikono yote miwili kwenye usukani, jasho likimtiririka kwapani.

*

Kiwanja cha majaribio cha Hoshikawa kilikuwa barabara moja ndefu iliyonyooka, zebra ya waenda kwa miguu katikati, mnara wa vioo upande mmoja na ukuta wa zege upande wa pili. Nyuma ya ukuta, kwenye ngazi za watazamaji, kofia za njano zilijaa. Ilikuwa wiki ya usalama barabarani, na shule tatu za jirani zilileta darasa la kwanza, kama kila Aprili.

Mwalimu Wakiya alikuwa mbele yao na bakuli la tofu, ile jibini laini ya soya.

"Gari likimgonga mtu," aliwauliza, "kinachoua ni nini?"

"Gari," akajibu mtoto mmoja, na wenzake wakacheka.

"Gari, ndiyo. Lakini sehemu gani? Bampa inavunja mguu, na mguu unaungwa. Tatizo ni kichwa. Mguu ukishapigwa, mwili unapinduka na kichwa kinashukia boneti. Boneti yenyewe ni bati, haina ubaya mkubwa. Ubaya umekaa chini yake."

Akafungua boneti ya gari jeupe lililokuwa pembeni, akagonga vyuma vya ndani kwa kifundo cha kidole. Kisha akachukua kipande cha tofu, akakiachia juu ya chuma. Kikasambaratika. Watoto wakaguna.

Akachukua kipande cha pili. Safari hii alikiachia juu ya bati jembamba lililoinuliwa kwa springi. Bati likabonyea, tofu ikatua, ikapasuka pembe moja.

"Huyu atalazwa," alisema mzee. "Mama yake atamgombeza. Lakini atarudi nyumbani."

Orie alisimama nyuma yake, macho yakipita mtu mmoja mmoja. Viatu vya kahawia havikuwepo.

"Ndani ya bampa kuna mpira mrefu wenye hewa," mzee aliendelea. "Mguu ukiubana, gari linajua huyu ni mtu, siyo koni. Baruti kidogo inalipuka, pistoni mbili zinainua boneti kwa kimo cha ngumi. Mfuko wa hewa unachomoka chini ya waipa, unafunika kioo na nguzo zake. Yote hayo kabla hujamaliza kupepesa jicho. Lakini gari liwe na mwendo wa ishirini na tano mpaka hamsini na tano. Chini ya hapo hakuna haja."

"Na juu ya hapo?" Orie aliuliza.

Mzee akamtazama, akawatazama watoto. "Juu ya hapo tunawaomba madereva wasifike," alisema.

Mkono mdogo ukainuka. "Na kama mtu ameinama? Anafunga kamba za viatu?"

"Huyo, mwanangu, mimi sijui kumsaidia. Boneti yangu ni ya mtu aliyesimama. Aliyeinama, kichwa chake kiko kwenye bampa. Ndiyo maana kamba tunafunga nyumbani."

Watoto walipopewa juisi, Orie alimvuta pembeni.

"Mwalimu, nakuomba. Acha leo."

"Wewe ndiye mtu wa Usami?" Mzee alikuwa akifuta tofu vidoleni kwa leso, taratibu. "Mbona unatetemeka hivyo? Umekula?"

"Kuna mtu amelichezea gari lako."

"Pistoni nimezitoa kwenye droo yangu mwenyewe. Zina alama yangu. Nimezifunga alfajiri. Breki inajifunga yenyewe ikiniona, nimeijaribu mara tatu. Ndani hakuna dereva, kuna roboti, na roboti hailewi."

"Baada yako, nani aliligusa?"

"Nezu peke yake, kukagua. Nezu ni mwanangu. Sikumzaa tu."

Aliyetajwa alikuwa anakuja, kikombe cha chai mkononi. Nezu, fundi mkuu, miaka hamsini hivi, sare ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka kwenye kola. Alikiweka kikombe mikononi mwa mzee, akakigeuza ili kishikio kiwe upande wa mkono wake wa kulia.

"Upepo ni mkali, Mwalimu. Kunywa kabla hujatoka," alisema kwenye sikio la kulia la mzee, lile pekee lililobaki zima. Akamgeukia Orie na kuinamisha kichwa. "Dada, wageni wanakaa kule juu."

Sauti yake ilikuwa ya upole. Orie hakumpenda, na hakujua kwa nini. Mwoga huwa hampendi mtu yeyote, akajiambia, basi hiyo si sababu.

Saa nne kasorobo.

*

Chumba cha walinzi kilikuwa getini, mita mia nne kutoka barabara ya majaribio. Mlinzi alikuwa mama wa makamo aliyeitwa Hisano, mwenye miwani kwenye kamba na sahani ya maandazi ya maharage mezani.

"Picha za kamera ya gereji, alfajiri ya leo," Orie alisema na kuonyesha kitambulisho.

"Unatafuta mwizi?" Mama Hisano alishabonyeza. "Humu hakuna wezi, labda paka. Kaa, kula andazi. Uso wako umekuwa kama karatasi."

Picha ikaja, haina sauti. Saa kumi na moja na nusu: mzee Wakiya anafunga pistoni, anafunga boneti, anaondoka. Saa kumi na mbili: Nezu anaingia. Taa inazimika upande wa nyuma wa gereji kwa dakika kumi na moja. Inawaka tena.

"Hizo dakika kumi na moja ni za nini?"

"Taa ile ni mbovu tangu Februari," alisema Mama Hisano. "Nimeandika barua tatu."

Orie akauma mdomo. Dakika kumi na moja, na hakuna kilichoonekana. Akaendelea kutazama.

Kisha Nezu akafanya ukaguzi.

Pale Hoshikawa hakuna anayekagua kitu kwa macho tu. Unakinyooshea kidole, mkono umekaza, unakitaja kwa sauti, unasema "sawa", ndipo unakwenda kwenye kingine. Wanaanza kufundishwa hivyo wiki ya kwanza ya kazi, na wakistaafu bado wanalinyooshea kidole birika jikoni. Ukutani pale pale chumbani palibandikwa orodha ya gari la maonyesho. Vitu vitano.

Nezu alinyoosha kidole kwenye bampa. Mdomo wake ukafunguka: sawa.

Pistoni ya kushoto. Sawa.

Pistoni ya kulia. Sawa.

Mfuko wa hewa. Sawa.

Roboti ya usukani. Sawa.

Akageuka kuondoka. Akasimama. Akarudi nyuma ya gari, akafungua mlango, akainama, akanyoosha kidole chini ya kiti cha nyuma upande wa kushoto. Mdomo ukafunguka.

Sawa.

Orie aliisogelea skrini.

"Mama Hisano. Chini ya kiti cha nyuma pana nini?"

"Hapana kitu. Kapeti."

"Mbona amepanyooshea kidole?"

Mama Hisano akavaa miwani. Akarudisha picha nyuma, akatazama tena, na andazi likabaki njiani kati ya sahani na mdomo.

"Yule hata chooni anaonyesha kidole," alisema taratibu. "Miaka ishirini na miwili. Hawezi kuacha. Akifunga kitu, lazima akikague." Akalirudisha andazi sahanini. "Mungu wangu. Amefunga kitu. Na ndiye anayeliongoza gari kutoka mnarani."

Simu ya Orie ikatikisika.

"Ghala tumelifunga," alisema Usami. "Viatu vya kahawia tunavyo, na miguu yake ndani. Sahihi kwenye maboksi ni ya mtu anaitwa Nezu."

"Ndiye anaendesha mnara, Mkuu. Lazima amefunga kipokezi cha pili garini, cha rimoti. Gari litamsikiliza yeye, siyo breki."

"Saa hizi ni nne na ishirini na nane."

"Najua."

"Basi mbona bado unaongea na mimi?"

Mama Hisano alishampa redio yake. Orie akakimbia.

*

Mita mia nne si nyingi. Mpe mtu mwenye hofu, zinakuwa safari.

Alikuwa katikati aliposikia makofi. Gari jeupe lilikuwa limekwenda kwa mwendo wa arobaini, likamwona mzee juu ya zebra, likajifunga breki na kusimama hatua mbili mbele yake. Wimbo wa usalama barabarani ukaanza, watoto mia na ishirini wakiimba kila mmoja kwa kasi yake.

Amepona, Orie aliwaza. Nezu hakufanya kitu. Labda ameogopa.

Mzee Wakiya akaligeukia gari, akaweka mikono mapajani, akainama.

Gari likaanza kurudi nyuma.

Na hapo Orie akaelewa, akahisi mkojo unataka kumtoka.

Mgeni wa heshima anapoondoka, hunyanyui kichwa mpaka atokomee. Mzee alikuwa akilishukuru gari lake hivyo kila mwaka: anainama pale pale juu ya zebra, na hainuki mpaka lifike mwisho wa barabara. Watu wote wa pale walilijua jambo hilo na kulipenda. Magazeti yaliwahi kuliandika. Dakika nzima kichwa chini, macho kwenye lami, na sikio moja zima tu. Na gari la umeme halina mlio.

Aliyeinama, mimi sijui kumsaidia.

Orie akabonyeza redio. "Mnara. Simamisha gari. Kata umeme."

"Nimekusikia, dada." Sauti ile ile ya upole.

Gari likasimama. Mwisho wa barabara, mita mia na ishirini.

"Limesimama," alisema Nezu.

"Mwambie Mwalimu atoke barabarani. Kwenye spika."

Spika hazikulia.

"Nezu. Nimeona ulivyonyoosha kidole."

Nezu akasema, kwa sauti ya chini sana, "Jumatatu wangeona sahihi yangu."

Gari likaja.

Lilikuja kimya kimya. Orie alikuwa na bastola ya SIG kiunoni, na kwa umbali ule ilikuwa na faida kama kijiko. Alipiga kelele, jina la mzee, mara mbili. Wimbo wa watoto uliimeza sauti yake. Mzee alibaki ameinama, mvi zake zikipepea, mwenye adabu mpaka dakika yake ya mwisho.

Orie alitaka kukimbilia upande mwingine. Tusimtilie maneno mengine kinywani. Kila mfupa wake ulitaka kugeuka, na kichwani alijiona tayari akiandika ripoti: nilichelewa, haikuwezekana. Alilia huku anakimbia. Alilia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni, na miguu ikaendelea kwenda mbele kwa sababu hakuipa nafasi ya kuuliza.

Mita kumi. Tano.

Alimsukuma mzee kwa bega. Mzee akaruka kama gunia jepesi, akabiringika kwenye majani.

Na gari lilikuwa limefika.

Mwili ulitaka kujikunja. Ndivyo miili yote inavyotaka: kuinama, kuficha uso, kuwa midogo. Akakumbuka tofu. Akakumbuka mtoto na kamba zake. Boneti yangu ni ya mtu aliyesimama.

Orie Kusakabe akasimama wima, ubavu kwa gari, mikono kichwani, macho yamefumbwa.

Hakujua gari lina mwendo gani. Hamsini? Sitini? Hakujua kama pistoni zile zilikuwa za mzee au Nezu alizibadilisha gizani, dakika zile kumi na moja. Alijua tu kwamba anaogopa, na kwamba hajawahi kuogopa hivi, na kwamba mama yake angemshangaa.

Paa.

Mguu ukapigwa. Dunia ikapinduka. Katikati ya kupinduka huko akasikia mlipuko wa pili, mkavu, mara mbili kwa pamoja kama makofi ya mtu mmoja. Kitu kikainuka kumpokea. Bega likabonyea kwenye bati, na chini ya bati palikuwa na nafasi, nafasi tupu ya kimo cha ngumi, bati likashuka pamoja naye badala ya kumkatalia. Kichwa kikazama kwenye kitu cheupe, laini, cha moto, chenye harufu ya fataki.

Kisha kimya. Pistoni zikishalipuka, gari lile hujikatia umeme lenyewe.

Wimbo ulikuwa umekatika. Orie alilala juu ya boneti, uso ndani ya mfuko wa hewa uliokuwa ukinywea taratibu, akijihesabu. Vidole vya mkono vilicheza. Vidole vya mguu wa kulia vilicheza. Mguu wa kushoto uliwaka moto mtupu, na moto ule ulimfurahisha, kwani maiti haiumwi.

"Binti." Mzee alikuwa pembeni yake, goti linavuja damu, majani kwenye nywele. "Binti, jina lako nani? Leo siku gani?"

"Jumamosi," alisema Orie. "Na nimejikojolea, Mwalimu. Usimwambie mtu."

"Vidole hivi ni vingapi?"

"Viwili. Nezu yuko mnarani."

Mzee aliokota redio iliyodondoka kwenye lami, akaitazama, akabonyeza.

"Nezu."

Akabonyeza tena.

"Nezu, shuka."

Walimu walikuwa wanawageuza watoto watazame upande mwingine.

"Ndiyo, Mwalimu," redio ilisema.

Akashuka. Ngazi za mnara zilikuwa arobaini na moja, alizishuka moja moja, mkono kwenye reli, kama ulivyoagiza ubao wa usalama pale chini. Hakuna aliyemkamata. Orie alichomoa SIG, lakini mkono ulitetemeka mno, ikabidi aulaze juu ya ukingo wa boneti iliyoinuka ndipo mtutu utulie. Nezu akasimama hatua nne mbele yao. Akaitoa rimoti mfukoni, akaiweka chini, akaipangusa vumbi.

Mzee hakumuuliza kwa nini. Aliuliza jambo jingine.

"Pistoni zangu. Alfajiri ulibaki na gari peke yako. Mbona hukuzibadilisha?"

"Sikuhitaji. Ungekuwa umeinama."

"Hilo si jibu. Nimekufundisha kazi kwa miaka ishirini na miwili, najua unavyofanya kazi. Ungezibadilisha kwa uhakika zaidi."

Nezu alitazama viatu vyake.

"Nilikuja nazo za mchanga," alisema. "Nilizishika mkononi. Halafu nikafikiria kwamba nikizifunga, itanibidi nizinyooshee kidole na kusema 'sawa'. Kusaini maboksi niliweza, Mwalimu. Kalamu haina masikio. Kusema kwa mdomo wangu, mbele ya gari lako, nilishindwa."

"Lakini kile kipokezi ulikisema sawa," alisema Orie.

"Kilikuwa sawa," alisema Nezu. "Nilikifunga vizuri."

Mzee akamgeuzia mgongo. Mabega yake yalishuka, akaonekana mzee kweli, mzee wa kushikwa mkono. Watu wa Usami walipoingia getini na magari matatu, Nezu alishanyoosha mikono mbele, tayari kufungwa. Mama Hisano aliyekuwa amewaongoza alimpita bila kumtazama, akavua koti lake na kulifunga kiunoni kwa Orie, akalikaza, wala hakuuliza kitu.

Kabla machela haijaja, mzee alitoa chaki mfukoni. Akachora duara juu ya boneti mahali bega lilipobonyeza, na duara jingine kwenye mfuko wa hewa, mahali kichwa kilipotua. Akarudi hatua moja nyuma. Akakaza mkono, akanyoosha kidole kwenye duara la pili, kisha kwenye kichwa chenyewe, kilichokuwa kinamtazama.

"Kichwa," alisema. Akakohoa, akarudia. "Kichwa. Sawa."

*

Jumatatu, saa sita mchana, Orie alitoka hospitali kwa magongo mawili. Mfupa wa muundi ulikuwa umepasuka, mbavu mbili zilikuwa na nyufa. Kichwani hakuwa na hata uvimbe.

Simu ikatikisika.

"Mzee ameongea kwa saa mbili na nusu mfululizo," alisema Usami. "Alikuja na tofu. Hakimu alirukiwa na tofu kwenye joho."

"Na wao?"

"Wamekwisha. Unahitaji nini?"

"Samaki mkunga wa kuchoma. Juu ya wali, na mchuzi mwingi."

"Nakuletea gari."

"Usiniletee gari, Mkuu," alisema Orie, akakata.

Mgahawa ulikuwa ng'ambo ya pili. Katikati palikuwa na zebra isiyo na taa. Orie akasimama ukingoni, na moyo ukaanza ngoma yake ile ile. Toyota moja ya bluu ikapunguza mwendo, ikasimama. Dereva, mama mwenye mtoto kiti cha nyuma, akamwonyesha kwa mkono apite.

Akavuka, gongo, mguu, gongo. Alipofika upande wa pili akageuka kushukuru kama alivyolelewa. Akainama, kidogo tu, kadiri magongo yalivyoruhusu.

Lakini macho aliyaacha juu, kwenye bampa, mpaka gari lilipopita na kupinda kona. Ndipo akaingia kula.